Ngoma Iko kwa Nani? Namna ya Kupata Muziki wa Asili Ukiwa Mgeni Mjini

Mtu akitoka Matai, huku Ufipa, kwenda Dar es Salaam kwa matibabu, kwa biashara ya mahindi au kumpeleka mtoto chuo, hukuta muziki kila kona. Unatoka kwenye spika za saluni, za maduka ya simu, za bajaji na za baa. Muziki asiouona kwa urahisi ni ule unaopigwa na watu walio mbele ya macho yake, kwa ala zao, kwa mtindo waliourithi kwa waliowatangulia. Wengi hurudi nyumbani wakisema mjini muziki huo umekwisha. Haujaisha. Una wenyewe, na asiyewajua wenyewe hapati kitu hata akizunguka mitaa usiku kucha.

Mwenye muziki anaweza kuwa chama, ukumbi, familia yenye shughuli, chuo au parokia. Kila mwenyeji wa namna hiyo ana siku zake, mlango wake na adabu zake. Kwa hiyo swali la kuuliza ukifika mji wowote ni ngoma iko kwa nani, na lini wanakutana. Ukiuliza tu wapi kuna muziki mzuri utaonyeshwa disko.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Ireland imejipatia sifa duniani kwa vikao vya muziki vya baa, ambako wapiga fidla, filimbi, konsetina, banjo na zumari la mfuko huzunguka meza moja, wakapiga kwa raha yao wenyewe, na wanywaji wengine husikiliza wakipenda. Wageni wengi hudhani hiyo ni desturi ya vijijini tangu zamani za kale. Ukweli ni kwamba vijijini kwao muziki ulikuwa wa majumbani na wa njia panda, na kikao cha baa kilipata nguvu mjini London baada ya Vita Kuu ya Pili. Vibarua wa ujenzi waliotoka Ireland walijikuta ugenini, kwenye vyumba vya kupanga visivyo na sebule ya kupigia, na baa kama Devonshire Arms ya Kentish Town zikawa sebule yao. Kule nyumbani, mwaka 1951, kilianzishwa chama cha Comhaltas Ceoltóirí Éireann kulinda muziki huo, na mpaka leo mgeni anayetaka kikao huanza kwa kuuliza tawi la chama au jina la baa. Wenyeji wanajua baa ikifa na kikao kinakufa. Mwaka 2021 watu wa Dublin waliandamana kupinga mpango wa kujenga hoteli kwenye eneo la baa ya Cobblestone, maarufu kwa vikao hivyo, na halmashauri ya jiji ikaukataa mpango ule mwaka huohuo.

Dar es Salaam: mwenye bendi na mwenye ukumbi

Tuanze na muziki wa dansi, maana ndio msafiri wa bara anaoufahamu kupitia redio. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Baada ya uhuru bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika: ala zilinunuliwa na shirika, wanamuziki wakawa waajiriwa. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili, ikawa JUWATA, kisha OTTU, hadi tunayoijua leo kama Msondo Ngoma. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake, akiwemo Muhidin Gurumo, walihamia bendi mpya iliyopewa jina la baa ilimopigia, Mlimani Park, chini ya kampuni ya teksi na usafirishaji, TTTS. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ikawa DDC Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde. Gurumo baadaye alirudi Msondo na kufanya nayo kazi hadi uzeeni. Alifariki Aprili 2014.

Historia hii inamsaidia mgeni kwa jambo moja la vitendo. Kwa kuwa bendi ilifungamana na shirika, ilifungamana pia na ukumbi wa shirika hilo, na majina ya kumbi hizo, DDC Kariakoo au TCC Chang'ombe, bado ndiyo ya kutajia dereva. Mashirika mengi yamejitoa kwenye biashara ya muziki, na bendi leo huzunguka baa kwa ratiba ya wiki, kila siku na baa yake. Ratiba hiyo hubadilika mwenye baa akibadilika. Kwa hiyo usiamini bango lililofifia. Piga namba ya simu iliyo kwenye bango jipya, au muulize mhudumu wa baa yoyote yenye jukwaa la zege na waya zinazoning'inia ukutani: yeye anajua nani alipiga juzi na nani anakuja Jumapili. Siku za sikukuu, Idi na Krismasi, Msondo na Sikinde wamezoea kupambanishwa kwenye ukumbi mmoja, na hiyo ndiyo siku ambayo mgeni hapaswi kukosa kama yuko mjini.

Kuna sababu ya kwenda kusikia kwa masikio yako wimbo ambao umeusikia redioni tangu utotoni. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza unakwenda taratibu: mwimbaji anasimulia kisa, wenzake wanamwitikia, tarumbeta na saksafoni zinaingia kati ya beti. Kisha gitaa la solo linabadili njia, gitaa la pili linalifuata, ngoma zinakaza, na waimbaji hawana kazi tena ila kutupia vibwagizo. Hilo ndilo chemko. Kwenye rekodi zilizofanywa na Redio Tanzania Dar es Salaam chemko lina kikomo chake. Ukumbini halina. Mpiga solo akiona wazee wamesimama na kuanza kusogea duara, atairudia sauti ileile mara nyingi akiigeuza kidogokidogo, na hatafunga mpaka wachezaji wamfungie wao. Kipande hicho hakuna kanda iliyokihifadhi, kwa sababu kila usiku ni kipya.

Wapo watakaosema dansi si muziki wa asili, eti gitaa limetoka ng'ambo. Sikubaliani nao. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ilitoka Misri, na buzuki inayopigwa leo kwenye vikao vya Ireland ilitoka Ugiriki miaka ya 1960 tu. Muziki unakuwa wa mahali pale watu wanapourithishana, wakaujulia mitindo na kugombania majina yake. Western Jazz walikuwa na Saboso yao, Tabora Jazz na Segere Matata yao, na mzee aliyecheza mitindo hiyo ujanani anaitofautisha kwa sauti mbili tatu za gitaa. Muziki wenye wajuzi wa namna hiyo ni wa asili ya watu wale.

Unguja: kaa kwenye mazoezi

Kutoka Dar es Salaam, boti ya kasi inafika Unguja kwa muda wa kama saa mbili, na huko mwenye muziki ni chama. Kwa masimulizi ya Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Muziki ule ulikaa ikulu mpaka vijana wa mjini walipoanzisha chama chao, Nadi Ikhwan Safaa, mwaka 1905. Chama hicho kipo mpaka leo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kiliwahi kuitwa kwa jina la Malindi, na wazee wengine bado humwelekeza mgeni kwa jina hilo. Chama kikubwa cha pili, Culture Musical Club, kilianza mwaka 1958 na mizizi yake ni kikundi cha Shime Kuokoana. Nyumba yake iko Vuga, mpakani mwa Mji Mkongwe.

Onyesho la taarabu kamili halipatikani kila wiki. Mazoezi yapo. Wanachama wengi ni watumishi, mafundi na wafanyabiashara ambao hukutana jioni baada ya kazi, na mgeni anayebisha hodi kwa heshima, akaamkia na kueleza alikotoka, kwa kawaida hukaribishwa kiti cha pembeni. Mimi naona mazoezi yanafundisha kuliko onyesho. Utamwona mpiga kanuni akianza na nyuzi zake, ambazo ni zaidi ya 70, zimepangwa tatutatu kwa kila sauti, naye anazifunga mojamoja kwa ufunguo mdogo huku wenzake wakinywa kahawa. Hakuna anayemharakisha. Akimaliza, fidla zinaomba sauti kwake, udi unafuata, kisha kodiani ambayo haiwezi kufungwa na hivyo wote wanajikuta wanafunga upya kuifuata. Wanaanza na bashrafu, kipande cha ala tupu bila mwimbaji, ndipo wimbo. Kosa likitokea wanasimama na mzee mmoja anauimba mstari ule kwa mdomo mpaka vijana waushike. Muziki wote umepita hivyo, mdomo kwa sikio, tangu siku za Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri na kuifikisha sauti ya Kiswahili mbali kuliko mwimbaji yeyote kabla yake.

Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimeongeza mlango mwingine. Wanafunzi wake hujifunza udi, kanuni, fidla na ngoma kwa walimu waliolelewa vyamani, na hufanya maonyesho ya mara kwa mara. Mgeni mwenye siku mbili tu aanzie hapo, kwa sababu chuo kina ratiba na mtu wa kumuuliza mchana.

Katika onyesho la taarabu kuna desturi ya kutunza. Mtu akiguswa na ubeti huinuka, akaenda jukwaani kwa mwendo wa taratibu na kumkabidhi mwimbaji fedha. Pengine ubeti ule unamhusu jirani aliyeketi safu ya pili, na ukumbi mzima unajua. Mgeni anaweza kutunza pia, lakini asubiri kwanza aone wenyeji wanafanyaje, na asiinuke kwenye ubeti wa mafumbo ambao hajui umelenga nani.

Hoteli za Mji Mkongwe nazo zina taarabu wakati wa chakula cha usiku. Wapigaji mara nyingi ni walewale wa vyamani, na fedha ile inawasaidia, kwa hiyo simshauri mtu aidharau. Ila ajue anachokipata: wimbo uliofupishwa, sauti iliyopunguzwa ili wageni wazungumze mezani, na hakuna anayetunza kwa sababu hakuna anayeelewa maneno. Shairi ndilo uti wa taarabu. Bila hadhira inayolifuata neno kwa neno, kilichobaki ni ala nzuri tu.

Shughuli za watu

Sehemu kubwa ya muziki wa asili mjini haipigwi ukumbini wala chamani. Iko harusini, jandoni, kwenye maulidi na kwenye ngoma za mitaa ya nje ya mji, kuanzia Mwembeladu ya Unguja hadi Mbagala ya Dar es Salaam. Unguja, ngoma ya harusi ya mtaani ni kidumbaki, jina lililotokana na vidumbaki viwili, ngoma ndogo zinazopigwa kwa mikono. Pamoja navyo kuna fidla, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti, na sanduku: kasha lililopinduliwa lenye fimbo na kamba moja, ambalo mpigaji huivuta kamba yake na kuilegeza ili kupata sauti nzito. Nyimbo nyingi zinatoka kwenye taarabu, lakini huku zinaunganishwa moja baada ya nyingine bila kupumzika, kasi ikipanda, na wanawake wanacheza badala ya kukaa.

Hapa mwenyeji ni familia, na mlango wake ni mwaliko. Hakuna kiingilio, na hakuna bango. Mgeni apite kwa mtu: mwenye nyumba ya wageni, fundi cherehani, mama muuza maandazi asubuhi. Mtu akisema Jumamosi kuna shughuli kwa ndugu zake, mwambie ungependa kwenda, na umuulize uvae nini na upeleke nini. Ngoma nyingi za harusi za pwani ni za wanawake, na mwanamume asiingie uani kwa kufuata sauti. Akikaa nje na wanaume wenzake atasikia vizuri tu.

Kalenda nayo ni mwenyeji. Mwezi wa Ramadhani muziki wa Unguja hunyamaza, halafu Idi ikifika mji mzima unafunguka. Sehemu zenye Wakatoliki wengi, kama Ufipa, harusi husubiri Kwaresima ipite. Msafiri asiyetazama kalenda hizi mbili atalaumu mji bure.

Yapo pia matamasha, ambayo humwondolea mgeni kazi ya kuuliza. Sauti za Busara lilianza mwaka 2004 na hufanyika Februari katika Ngome Kongwe, Unguja. Makunduchi wana Mwaka Kogwa mwezi Julai. Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, kuna tamasha la kila mwaka, na ndiko alikoishi na kufundisha Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze wa Kigogo, aliyefariki Desemba 2003. Wagogo wenyewe wana tamasha lao Chamwino, Dodoma, na huko ndiko pa kuona wanawake wakipiga muheme, ngoma imebanwa kati ya mapaja.

Lakini tamasha ninalompendekezea mtu kwanza kabisa ni Bulabo, Bujora, nje kidogo ya Mwanza, linalofanyika mwezi Juni wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Mashindano ya ngoma za Wasukuma ni ya pande mbili, Bagika na Bagalu, na makundi hayo hutaja asili yake kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Hakuna majaji mezani. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, yakikabiliana uwanjani, na kundi linalowavuta watu wengi zaidi upande wake ndilo lililoshinda. Wachezaji huja na majembe, wengine na nyoka, wengine na fisi, ili watu wahame. Mgeni aliyesimama pale anapiga kura kwa miguu yake, atake asitake.

Na kwa anayekuja Ufipa

Barabara ya lami kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga inaleta wageni kila siku: wafanyabiashara wa nafaka na dagaa, watumishi wapya, watu wanaokwenda kuona maporomoko ya Kalambo. Wanalala Matai au Sumbawanga, wanasikia spika, wanaondoka wakidhani nyanda hizi hazina ngoma.

Ngoma ziko, na mwenye ngoma huku ni msimu. Mvua za Novemba hadi Aprili watu wako shambani. Mahindi na ulezi vikishaingia ghalani, kuanzia Juni mpaka Septemba, ndipo pombe ya ulezi hupikwa kwa wingi, harusi hufungwa, na vikundi hukutana. Ukitaka kusikia nsimba, ngoma ya Wafipa, njoo miezi hiyo. Nsimba ina sauti isiyofanana na ngoma ya ngozi: chungu kikubwa kinawekwa chini, kigoda kinashikwa kwa mikono na kusuguliwa juu yake, na chungu kinanguruma. Vyungu vya ukubwa tofauti vinanguruma kwa sauti tofauti, na waimbaji wanapanda juu ya mngurumo huo. Ala ya namna hii wanayo pia majirani wa ng'ambo ya mpaka, Wamambwe na Walungu wa Zambia. Ukiwa karibu, mngurumo unausikia tumboni kabla ya masikioni, na simu haiwezi kuunasa.

Mgeni aanzie wapi? Kilabuni ni pazuri, lakini aende mchana, aamkie wazee kwanza, anunue pombe ya kukaa nayo pamoja na waliopo, na asitoe simu mpaka aruhusiwe. Akikuta watu wanaimba asiagize wimbo. Akipigiwa kwa ombi lake, alipe, na alipe kikundi kizima mbele ya wote, asimpe fedha mmoja kwa siri, maana ugomvi unaofuata huvunja vikundi. Njia ya pili ni ofisi ya utamaduni ya halmashauri. Vikundi vya sanaa husajiliwa kwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na afisa utamaduni wa wilaya ndiye anayevijua: kiongozi ni nani, wako kijiji gani, wanafanya mazoezi siku gani.

Taarifa hiyo haipaswi kukaa ndani ya faili. Nawaomba maafisa utamaduni wa Kalambo, Nkasi na Sumbawanga waandike ukurasa mmoja tu kila mwaka, mwezi Mei, wenye majina ya vikundi, vijiji na siku zao, na waubandike stendi ya Matai, stendi ya Sumbawanga na bandarini Kasanga. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na wageni watakaoisoma wako njiani tayari.